Giza Si Ushamba

Wasee, nianze na swali rahisi. Mara ya mwisho uliangalia juu usiku, na si kwa sababu stima ilikuwa imepotea, ilikuwa lini?

Kama unaishi Nairobi, Mombasa, Nakuru ama Kisumu, sikulaumu. Hakuna cha kuangalia. Mbingu ya mtaani kwetu usiku ina rangi ya chai ya kibandani, na nyota zenyewe unaweza kuzihesabu ukiwa juu ya ploti kabla maji ya ugali hayajachemka. Na tena mbili kati ya hizo ni ndege zinatua.

Msimamo wangu ni huu. Kila kijana Mkenya anafaa kuhudhuria pati ya nyota angalau mara moja, mahali penye giza la ukweli, mbali na taa. Na tukitoka huko, tuache kuita giza ushamba. Hilo giza ni mali. Shida ni kwamba wenye washajua ni mali si sisi.

Kwanza, pati ya nyota ni nini? Usifikirie didjei na chupa. Ni watu wanakutana mahali pasipo na taa, wikendi ambayo mwezi haupo, wanaweka darubini chini ya anga, na kila mtu anapanga foleni kuangalia. Mwenye darubini anakuonyesha yake, unaenda kwa ya jirani, unauliza maswali, unakunywa chai, mnaendelea hadi asubuhi. Nchi za nje wamefanya hivi kwa miaka mingi. Huku kwetu ni kitu kinachokua polepole, na watu kama Susan Murabana na mumewe Chu Owen wa Travelling Telescope wamefanya kazi kubwa kupeleka darubini kwa shule na kuwatoa watu mjini wakaone anga ya Samburu.

Sheria ya kwanza ya pati ya nyota itakuuma kama unafanya kazi kama yangu: zima simu. Hakuna kupunguza mwangaza, ni kuzima. Jicho la binadamu linahitaji kama dakika 20 hadi 30 gizani ndio lizoee kabisa, halafu mtu mmoja akiwasha skrini kuangalia saa, macho ya watu wote walio karibu yanarudi mwanzo. Ndiyo maana utapata kila mtu na tochi nyekundu. Mwanga mwekundu hafifu hauharibu ule uwezo wa jicho kuona gizani.

Mimi hutengeneza kontenti. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu niache chuo mwaka wa pili. Kwa hivyo nikwambie ukweli kama mtu wa biashara: pati ya nyota ni kontenti mbaya sana. Simu ya kawaida ukiielekeza juu inakupa picha nyeusi yenye vumbi. Hakuna klipu utatoa ya kufikisha kile umeona. Na hiyo ndiyo sababu moja ninataka uende. Umri wetu tumeona kila kitu kabla ya kukiona. Umeshaona Diani, umeshaona mlima, umeshaona hadi harusi ya rafiki yako kwa simu kabla ufike. Anga yenye giza bado haijaharibiwa hivyo, kwa sababu haiingii kwa simu.

Nilienda Agosti 2025, wikendi ya tarehe 23, mwezi ukiwa haupo kabisa. Kutoka Nairobi ni matatu hadi Isiolo, halafu mbele kidogo hadi Archers Post, jumla ni zaidi ya kilomita 300. Kambi ilikuwa mahali ambapo taa ya karibu zaidi ilikuwa ya gari likipita barabara kuu, na hilo pia mara moja moja.

Saa mbili usiku nikadhani kuna wingu limepita juu yetu kutoka kusini. Nikasikitika, nikajua tumekuja bure. Dada aliyekuwa akituongoza akacheka, akaniambia hilo si wingu. Ni galaksi yetu, tunaiangalia kutoka ndani, na ile sehemu nene karibu na kundinyota la Nge ndiyo njia ya kuelekea katikati yake, umbali wa kama miaka 26,000 ya mwanga. Nilinyamaza. Na wanaonijua wanajua mimi sinyamazi.

Saa tano hivi foleni ya Zohali ikaanza. Wazungu wanaiita Saturn. Hiyo ndiyo sayari yenye pete, na kila baada ya miaka kama 15 pete hizo hugeuka zikatuonyesha ukingo wake tu. 2025 ilikuwa mwaka wa hivyo. Kwa hivyo badala ya ile picha ya kitabu cha darasa la sita, niliona kitu kidogo cha manjano kilichopitishwa laini nyembamba katikati. Kilikuwa kimetulia hapo kwa kioo, halisi. Kila mtu aliyeinama kwa ile darubini alifanya kitu kilekile: aliinua kichwa akaangalia mbele ya mrija, kuhakikisha hakuna picha imebandikwa.

Saa saba, tukiwa tumejifunika mashuka, wakatuonyesha kidoa cha mwanga upande wa kaskazini. Unakiona kwa macho tu, bila darubini. Ni Andromeda, galaksi nyingine kabisa, umbali wa miaka kama milioni 2.5 ya mwanga. Fikiria hesabu hiyo ukiwa kaskazini mwa Kenya. Huo mwanga ulipoanza safari, kando ya Ziwa Turkana kulikuwa na viumbe wa ukoo wetu wakigonga mawe wapate makali. Umesafiri wakati wote huo, ukafika kwa jicho langu. Nimelipa pesa kuona vitu vya upuzi mingi maishani. Hiki nilikiona bure.

Sasa najua kuna mtu anasoma hii akisema, "Haya ni mambo ya wazungu." Hapo ndipo tunapokosea kabisa.

Ukipita Isiolo unapita katikati ya watu wa Borana, ambao wana kalenda yao inayosomwa angani. Miezi yao 12 hufuatwa kwa kuangalia mwezi ukikutana na nyota fulani zinazojulikana, zikiwemo Kilimia na zile tatu za mshipi wa Orioni. Wataalamu wao wanaitwa ayyantu, na elimu hiyo hupitishwa mdomo kwa mdomo, bila ubao wala projekta. Hilo neno Kilimia lenyewe ni Kiswahili, na limetoka kwa kulima, kwa sababu watu walikuwa wakitazama hizo nyota kujua msimu wa shamba. Mabaharia wa Pwani walikuwa na nyota ya jaa ya kuwaonyesha kaskazini. Sayari zote za kuonekana kwa macho zina majina ya Kiswahili: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Mtu hatoi jina kwa kitu ambacho hajawahi kukitazama. Hata leo kila Ramadhani ikikaribia kuna watu wanatoka nje kutafuta mwezi mwandamo kwa macho yao.

Halafu kuna hii ambayo hakuna mwalimu aliwahi kuniambia. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya NASA, wakaiita Uhuru. Ndiyo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei kutoka angani, na vipimo vyake vilisaidia wanasayansi kuamini kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2002. Jina la Kiswahili limo ndani ya historia ya mashimo meusi, na sisi tunajua majina ya wachezaji wa akiba wa Arsenal kuliko hilo.

Na jiografia yenyewe imetupendelea. Ikweta inapita katikati ya nchi. Mtu wa London hataona Msalaba wa Kusini akiwa kwake hata aishi miaka mia, na mtu wa Cape Town hataona nyota ya kaskazini. Sisi tukikaa hapa mwaka mzima, anga yote ya kaskazini na kusini inapita juu yetu. Watu wanapanda ndege kuja kuona kile kiko juu ya bati la shosho yako.

Hapo ndipo naingia kwa kitu kinachonikera.

Sai kuna lugha mpya kwa sekta ya utalii: utalii wa nyota. Huko Laikipia kuna vitanda vinavyosukumwa nje kwa magurudumu mgeni alale akiangalia anga, na bei yake hata usiulize. Sina shida na mtu kufanya biashara. Shida yangu ni vile tunaweza kurudia kile tulifanya na wanyama, ambapo kuna watoto wamezaliwa kando ya mbuga na hawajawahi kuingia lango lake.

Usiku ule kambini kulikuwa na askari, mzee wa hapo karibu, Msamburu. Kutoka saa moja jioni alikuwa amesimama kando na tochi yake amezima vile alivyoagizwa, akitulinda sisi watu wa Nairobi tukipiga mayowe kwa kila kimondo. Hakuna mtu alikuwa amemwambia aje aangalie. Ilifika hadi saa saba, foleni imekwisha, ndio msichana mmoja wa kikundi chetu akamwita, "Mzee, njoo nawe uone." Akainama kwa darubini kwa muda mrefu. Alipoinuka akasema, "Kumbe imevaa shanga."

Halafu akageuka upande wa mashariki, akatuonyesha kifungu kidogo cha nyota kilichokuwa kimetoka tu juu ya kilima. Akakitaja kwa Kisamburu. Akasema babake alikuwa akikiangalia kujua kama mvua iko karibu, ndio waamue kama watahamisha ng'ombe. Ilikuwa Kilimia. Kwa nusu saa yule mzee ndiye alikuwa mwalimu, na yule dada wetu wa darubini alikuwa akiandika kwa daftari lake, na tochi nyekundu mdomoni.

Mwenye anga ndiye alikuwa wa mwisho kwa foleni. Hiyo picha imekataa kunitoka. Kama utalii wa nyota utakuja, na naona unakuja, basi sharti la kwanza liwe hilo: watu wa hapo waangalie kwanza, wafundishwe kushika darubini, walipwe kama viongozi wa usiku, na si kubeba tu mizigo na kulinda mahema. Kijana wa Samburu ambaye anajua nyota kwa lugha yake, ukimwongezea darubini moja nzuri na mafunzo, hakuna mgeni atataka kiongozi mwingine.

Na usiniambie lazima uwe na digrii. Hapo naongea na wenzangu ambao wakitajiwa sayansi wanaona kama mlango ulifungwa siku walitoka chuo. Sayari ndogo ya Pluto ilipatikana mwaka wa 1930 na Clyde Tombaugh, mtoto wa mkulima wa Kansas, Marekani. Alikuwa na miaka 24 na hakuwa na digrii. Mvua ya mawe iliharibu mimea ya kwao, pesa za chuo zikaisha. Akajitengenezea darubini nyumbani, vipande vingine vikitoka kwa gari kuukuu na mashine za shamba, akachora alichoona kwa Mirihi na Mshtarii, akatuma michoro kwa kituo cha Lowell kule Arizona. Wakamwajiri. Digrii aliipata baadaye. Kwa pati ya nyota hakuna mtu aliniuliza nilisomea wapi. Waliniuliza kama nimeona Andromeda.

Sasa tuongee kuhusu taa, kwa sababu nikiacha hapa mtu ataniita mtoto wa mjini anayetaka watu wa kaskazini wakae gizani ili yeye aone nyota.

La. Nimekulia mtaa wenye mulika mwizi. Kabla iwekwe, mamangu akitoka kazini saa tatu usiku tulikuwa tunahesabu dakika. Mulika mwizi ilibadilisha hiyo, na yeyote atakayesema izimwe, mimi nitakuwa wa kwanza kumpinga. Msichana wa Archers Post pia anahitaji taa ya kusomea, na zahanati ya huko inahitaji stima usiku kama yoyote ile.

Lakini taa nyingi tunazoweka zinaangaza mawingu. Angalia taa ya barabara isiyo na kifuniko: nusu ya mwanga unaenda kando na juu, kwa macho ya dereva na kwa dirisha la mtu anayetaka kulala. Angalia mabango ya LED ya Waiyaki Way na Mombasa Road yakiwaka saa tisa usiku, yakimtangazia nani, mbwa? Hiyo ni stima inayolipiwa na inatupwa angani, na kila mtu anayenunua tokeni anajua stima si maji ya mvua. Dawa yake haihitaji roketi. Taa iwe na kifuniko juu, ielekee chini, iwe ya rangi ya joto badala ya ile nyeupe kali ya bluu, na iwake pale na wakati inapohitajika. Barabara itaonekana vizuri zaidi, na anga itarudi.

Hii si hofu ya bure. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani wanaishi chini ya anga iliyochafuliwa na mwanga, na theluthi moja ya binadamu hawawezi kuona Njia ya Maziwa wakiwa nyumbani. Mwingine wa 2023, uliotumia watu wa kawaida kuhesabu nyota kwa miaka 12, ulipata kwamba anga ya usiku inazidi kung'aa kwa karibu asilimia 10 kila mwaka, hasa Ulaya na Marekani ambako ndiko hesabu nyingi zilitoka. Wao walichelewa. Sasa wanatafuta giza kama dhahabu, wanatangaza mbuga za giza, wanabadilisha taa za miji mizima. Sisi bado tuko nalo. Kaunti za kaskazini ndizo zinaanza kuwekewa taa sasa, na hapo ndipo nafasi iko: taa nzuri iwekwe mara ya kwanza, badala ya mbaya iwekwe leo halafu ing'olewe baada ya miaka ishirini.

Kwa hivyo kama una sauti kwa baraza la kaunti yako, hilo ndilo swali la kuuliza siku wanaleta mradi wa taa. Usiulize tu ngapi. Uliza zinaangalia wapi.

Na kama huna pesa ya Samburu? Sawa, hata mimi niliweka akiba miezi mitatu. Anzia hapo ulipo. Mwezi, Mshtarii na Zohali zinaonekana hata katikati ya jiji ukiwa na darubini. Jamaa anayeitwa John Dobson alikuwa akitembeza darubini zake za kujitengenezea kando ya barabara za San Francisco, akiita wapita njia waangalie bure. Hebu fikiria darubini moja Jumamosi jioni hapo steji ya Kayole ama Uwanja wa Mkunguni, Lamu. Foleni ingeziba barabara. Kama kuna chama cha vijana kinatafuta mradi usio wa kupanda miti na kupiga picha, chukueni huu.

Ukipata nafasi ya kwenda mbali zaidi, Magadi iko karibu na Nairobi na ina giza la kutosha kukushangaza. Angalia kalenda ya mwezi kwanza. Pati ya nyota kukiwa na mwezi mpevu ni kama kuenda sinema taa zikiwa zimewashwa. Beba nguo nzito, jangwa usiku halikujui. Funga tochi kwa karatasi nyekundu ya nailoni. Nendeni kikundi, na mjulishe mwenyeji wa hapo, kwa usalama na kwa heshima. Halafu kabla hamjaangalia, mwambieni aangalie yeye kwanza.

Na kuna pati moja ya nyota ambayo karibu sote tumealikwa kila mwaka na hatuendi. Desemba tunaenda ushago. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba ni wa vimondo vya Geminidi, mojawapo ya mvua kubwa zaidi za vimondo kwa mwaka, na havihitaji darubini hata kidogo. Vinahitaji shuka, giza na mgongo chini. Huo usiku toka nje na binamu zako, zimeni taa ya uwanja, wekeni simu ndani kwa sufuria kama lazima. Mwambie shosho ama guka akae nanyi, na umuulize zile nyota ziliitwaje alipokuwa mtoto. Uliza mwaka huu, kwa sababu hilo jibu liko kwa kichwa chake tu, na halijaandikwa popote.